Mbegu za Darini

Daktari Chilewa alichora kwa bikiri
mgongoni mwa bahasha ya eksirei ya mtu mwingine:
figo hapa, kinena hapa,
na kokwa mbili zilizoanza safari kabla sijazaliwa
zikanasa njiani
kama lori la mahindi la Kibaigwa kwenye korongo.

"Zilipaswa kushuka. Tumboni kuna joto.
Mbegu ya kiume yataka ubaridi kidogo,
nyuzi mbili tatu tu."

Nyuzi mbili tatu, Sechelela!
Miaka tisa ya ndoa,
na wewe kuitwa mgumba bombani
ukayaacha maneno yao kwenye foleni ya ndoo,
ukarudi na maji matupu.

Waligundua JKT, siku ya kukaguliwa afya.
Kijana wa miaka kumi na tisa, uchi mbele ya koplo.
Wakazishusha kwa kisu, wakanishona vizuri.
Kovu ni zuri hata leo.

Nikaikumbuka tembe yetu ya Mvumi.
Mama alitundika mbegu za uwele juu ya jiko,
moshi uzikinge na fukusi.
Mwaka mmoja zikakaa chini mno, karibu na moto.
Mvua ya kwanza ya Disemba tukapanda,
mistari imenyooka, tukangoja.
Kwa macho zilikuwa mbegu.
Kwa kiganja zilikuwa mbegu.
Udongo peke yake ndio uliojua.

Mama hakuwa mzembe, naliandika hili kwanza.
Alinining'iniza kwenye mzani wa kliniki kila mwezi,
surua, pepopunda, kadi ikajaa.
Kuhesabu kilichomo ndani ya kaptura ya mtoto,
hilo hakuna aliyemwambia.

"Kuna jambo linatafitiwa," daktari akashusha sauti
kama mtu anayetaja bei ya ng'ombe wa jirani.
Seli shina.
Wanakata kipande cha korodani, kadiri ya punje ya mtama,
wanasaka humo seli mama ambazo hazikufa,
wanazilea maabara, kisha wazirudishe kwao.
Wengine wanachukua seli za uboho.
Wengine wanaishika ngozi, hii ngozi,
wanaifundisha upya kazi ya kuwa mbegu.

"Zimezaa?"
"Panya wamezaa."
Nikacheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni.
Panya! Mwizi wa uwele wetu,
amenitangulia kuitwa baba.
"Na watu?"
"Bado."

Nimelibeba neno hilo hadi Hombolo,
likanilemea kuliko mfuko wa samadi.
Mimi ni mtu wa zabibu, nakijua kitalu:
nakata kikonyo chenye macho matatu,
nakichomeka mshazari, nanyunyiza jioni.
Katika kumi hushika saba.
Sijui atakayeshika hesabu ya mwili wangu.
Simdai daktari. Alisema bado,
angeweza kuniuzia chupa ya mizizi.

Lakini nilisahau kukwambia:
mwaka ule wa mbegu zilizoungua,
mashina manne yalichomoza kando ya kichuguu.
Manne, shamba zima.
Mama akayazungushia miiba ya mgunga,
akayalinda na mbuzi kama mahari.

Jana Madeje alikuja na mwanawe Yaredi, miezi mitano,
mnene, anapiga kelele kama kanga.
Nikamwambia dada yangu, mfungue nepi.
Akanitazama kama mlevi.
Nikanawa mikono, nikaisugua ipate joto,
nikapapasa polepole kama mtu anayesoma kwa vidole.

Kulia, ipo. Imetulia mahali pake.

Kushoto nikatafuta.
Nikatafuta tena.

Madeje, Jumatatu twende mjini.
Usilie, huyu tumemuwahi.
Nauli ninayo.